Fremu Sitini

Bwana Semboja ana fremu tatu
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani:
ya kwanza cherehani, ya pili mchele na mafuta ya kupima,
ya tatu ndiyo yangu: kompyuta nne, feni moja,
na pazia la kanga, jua lisile vioo.

Siku hiyo alisimama mlangoni na daftari lake
akamsikia Mwantumu, sare ya shule bado mwilini,
akipiga kelele: "Kaka Hoza, nina fremu sitini!"

Sitini!
Niliuona mdomo wake ukihesabu.
Mtu mzima, jasho la maisha yote, tatu,
na moja kati ya hizo inavuja.

Nilimweleza. Sijui kama nilimweleza vizuri.
Nikasema, tazama gari lile linavyokata kona.
Halikati kona, bwana. Ni picha zilizosimama,
sitini kwa kila sekunde, zinapokezana
upesi hata jicho linasalimu amri.
Kila picha ni mgeni wa Tanga: yaja leo, yaondoka leo.
Na tarakimu ile ya njano, juu kushoto,
ndiye karani wa mlangoni, anawahesabu.

"Na wakipungua?"

Wakipungua, gari linakwama-kwama
kama maneno ya mtu anayedaiwa.

Akanitazama. Nikatazama feni.

Saa nane mchana Ngamiani haina huruma na mashine.
Ile ya Mwantumu tulikuwa tumeipandisha juu ya tofali mbili,
chini yake sahani ya barafu za ubuyu,
na bado karani alikuwa anasoma hamsini na nane,
hamsini na mbili.
Kisha Mwantumu akabonyeza kinasa.
Hapo ndipo penye siri ya kazi yetu:
kunasa kunakula. Mashine haiwezi kukimbia
na papo hapo ijiandike inavyokimbia
bila kutozwa. Arobaini na moja. Thelathini na nane.
Gari likapita kona likiacha vipande vya kona nyuma.

Yeye akaendelea na yake: miezi miwili,
bili ya maji, bati, wapangaji wa siku hizi.
Mwishowe sauti ikashuka: "Haya basi, Ijumaa.
Ijumaa ya mwisho wa mwezi, si hii."
Akaondoka na barafu moja ya ubuyu mkononi.
Hakuilipia.

Ijumaa hii hii akarudi.
"Nilisema hii."

Sikubishana. Nilifungua faili,
nikaburuta mpaka dakika ya saba.
Gari jekundu. Tarakimu ya njano. Mvua ya uongo.
Na juu ya ngurumo ya injini, kupitia kipaza sauti kidogo
ambacho sote tulisahau kwamba kinasikia,
Bwana Semboja mwenyewe: haya basi, Ijumaa,
Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Nilitegemea ahamaki.
Alivuta kigoda, akakaa. Akasema, rudisha.
Nikarudisha. Rudisha tena.
Hakuwa anatafuta neno la kodi. Baada ya "si hii"
kuna pumzi, ndefu, yenye filimbi ndani yake,
pumzi ya mtu aliyepanda ngazi
na fremu zangu hazina ngazi.

"Huyo ni mimi?"

Karani pembeni alisoma thelathini na moja.

"Mke wangu huniambia kila usiku," akasema.
"Namjibu ni feni."
Akanyoosha kidole kwenye ile njano.
"Na hii haiwezi kupima...?"
Hapana, bwana, hii inapima mashine tu.
Mwantumu, bila kugeuza shingo, kona ya tatu:
"Watu wanapimwa Bombo."

Kodi bado nadaiwa, nusu.
Faili sijalifuta, limeandikwa tarehe tu.
Jumatatu fundi cherehani kaniambia kamwona
kwenye benchi la Bombo, asubuhi mapema,
daftari limefunguliwa juu ya paja,
anahesabu walio mbele yake.